Viza ya Schengen, siku 90 na nchi ya mvinyo: tufungue mafundo ya safari ya Ureno

Tangu ule mfumo mpya wa mipaka ya Ulaya uanze tarehe 12 Oktoba 2025, maswali hayaishi. Mara naletewa ujumbe wa WhatsApp ati Mkenya sasa analipa euro 20 kwenye intaneti na kupanda ndege, mara mwengine anasema la, Ulaya wamefunga, pasi hata hazigongwi muhuri tena. Halafu wiki iliyopita jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye ameweka pesa pole pole miaka kadhaa ampeleke mkewe Ureno, akanisimamisha nje ya msikiti baada ya isha akaniuliza, "Mwanangu, viza nimeambiwa niombe ya Ureno, na ndege inapitia Paris. Sasa wale Wafaransa si watanirudisha?" Nikamwambia la mwalimu, hawakurudishi, lakini nilipoanza kumweleza ni kwa nini nikaona jambo hili lataka kuandikwa, manake ni mafundo mengi yamefungwa kwenye kamba moja na kila mtu anavuta upande wake.

Mimi ni muuza leso Barabara ya Biashara, si wakili wala si ajenti. Nimeomba viza hii mara mbili, ya kwanza nikanyimwa, ya pili nikapewa, na Septemba 2024 nikaenda na mke wangu siku kumi. Na mtu wa Mombasa haendi Ureno akiwa mgeni kabisa. Ukiketi kwenye meza, ukajifunga leso, ukacheza karata, ukala nanasi, maneno manne hayo yote ni yao. Gereza ni neno lao la kanisa, na sisi tunajua lilivyogeuka, Ngome ya Yesu walioianza 1593 ilikuwa na kanisa ndani na baadaye Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Hata mvinyo ni "vinho" yao. Na jina Ureno lenyewe latokana na "reino", yaani ufalme.

Schengen ni kitu gani

Schengen ni kijiji. Kijiji kidogo tu cha Luxembourg kando ya mto Moselle, na chenyewe kimezungukwa na mashamba ya zabibu. Tarehe 14 Juni 1985 nchi 5 zilitia saini pale, juu ya meli mtoni, zikakubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Leo nchi ziko 29, za mwisho kukamilisha ni Bulgaria na Romania, mwanzo wa 2025.

Sasa ifikirie kama zile nyumba za ploti za Kisauni. Vyumba 29, kila chumba kina mwenyewe, lakini geti ni moja, na ukishapita geti hakuna anayekuuliza kitu kwenye korido. Pale getini unaulizwa wewe mgeni wa nani, unasema mimi mgeni wa chumba cha Ureno, sawa, pita. Anayelinda geti siku hiyo anaweza kuwa Mfaransa, Mholanzi au Mjerumani, lakini analinda nyumba nzima. Kwa hivyo mwalimu atakaguliwa pasi pale Paris, ataulizwa anakwenda wapi, ataonyesha bukingi ya hoteli ya Lisbon, na ile ndege ya Paris kwenda Lisbon itakuwa kama ya Mombasa kwenda Kisumu, hakuna foleni nyengine ya uhamiaji.

Uingereza na Ireland hazimo. Wengi wetu tuna ndugu London na tunafikiri tukifika Lisbon tutaruka tu tukawasalimie siku mbili, la, hiyo ni nyumba nyengine, geti jengine, viza nyengine.

Kinachowaumiza watu ni hilo swali la mgeni wa nani. Kanuni ni kwamba unaomba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Lisbon siku 4 na Barcelona siku 6 basi wewe ni mgeni wa Uhispania, upende usipende, peleka makaratasi kwa Wahispania. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Ule ushauri wa vijiweni wa "omba nchi rahisi halafu enda utakako" ni mbaya sana, kwa sababu viza iliyoombwa kwa maelezo yasiyo kweli inaweza kufutwa hapo hapo getini, na rekodi inabaki.

Stika na hesabu ya siku

Ukipewa viza ni stika inabandikwa kwenye pasi, na stika hiyo ina mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna tarehe, kuanzia lini mpaka lini. Kuna idadi ya siku. Na kuna idadi ya kuingia, yaani 1, 2, au MULT ambayo maana yake ni mara nyingi.

Chukua mfano wa kuponi ya chakula. Umepewa kuponi ya sahani 10, mwisho wa kutumika ni tarehe 30 Septemba. Ukizila zote 10 ukamaliza tarehe 14, huwezi kurudi tarehe 20 useme mbona kuponi haijafa. Basi stika ni hivo hivo: tarehe ni muda ambao mlango uko wazi, idadi ya siku ndizo sahani zako. Mara nyingi tarehe hurefushwa wiki mbili zaidi ya safari yako ili ndege ikichelewa usikwame, na hapo ndipo mtu anaona ana siku 25 kumbe ana 10.

Na siku ya kufika inahesabiwa, siku ya kuondoka pia inahesabiwa. Ukitua tarehe 5 saa tano na nusu usiku, hiyo nusu saa ni siku nzima imekwenda. Mwenye siku 10 aliyeingia tarehe 5 anatakiwa awe ametoka tarehe 14. Akikata tiketi ya tarehe 15 kwa sababu amehesabu usiku kumi za hoteli, amezidisha. Mimi nilikaa na kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu nikahesabu na mke wangu mara tatu, na ningemshauri kila mtu afanye hivo kabla hajagusa tovuti ya tiketi.

Ile 90 kwa 180 inayotajwa kila mahali ndiyo dari ya juu kabisa, kwamba hata mwenye viza ya miaka haruhusiwi kuzidi siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Watu hudhani ni kama bando, ikiisha unatoka siku moja unaingia na inaanza upya. La. Shika kamba yenye urefu wa siku 180, kichwa chake kiko leo, mkia uko nyuma. Kesho kamba yote inasogea siku moja mbele. Kila asubuhi unahesabu ndani ya kamba hiyo siku ulizokuwa Ulaya, zisizidi 90. Kwa mtu wa likizo ya siku kumi hesabu hii haimgusi kabisa.

Na ule mfumo mpya? Zamani afisa alikuwa anapekua kurasa na kuhesabu mihuri. Sasa kompyuta inachukua picha ya uso wako na kuandika siku uliyoingia na siku uliyotoka, kwa hivyo ni kweli mihuri inaondoka, lakini hilo halina uhusiano wowote na kufungwa kwa Ulaya. Mwenye viza alama zake za vidole zishachukuliwa wakati wa kuomba, na zinatumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59. Tofauti utakayoiona ni kwamba aliyezidisha siku hata moja jina lake linajitokeza lenyewe.

Ama zile euro 20 za kwenye intaneti, huo ni mfumo mwengine kabisa unaoitwa ETIAS, na umewekwa kwa watu ambao hawahitaji viza ya Ulaya kama Wamarekani na Waingereza. Mkenya anahitaji viza, basi ETIAS haimuhusu, na yeyote anayemtoza Mkenya hizo pesa anamuibia, naomba tuwaambie wazee wetu hilo kwa sababu wao ndio wanaotumiwa zile linki.

Hawaulizi kama wewe ni tajiri

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, chini ya hapo bure, na ukinyimwa hairudishwi. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote 29. Pasi iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na kurasa 2 tupu. Hayo ni mepesi.

Zito ni pesa, na hapa ndipo uvumi umejaa. Utasikia lazima uwe na milioni. Ureno imeweka kipimo chake wazi, euro 75 kwa kuingia na euro 40 kwa kila siku, kwa siku kumi inakuja euro 475 kwa mtu. Hicho ni kiwango cha chini na ukiwa nacho tu utabanwa, lakini angalia hakiko karibu na milioni. Mwenye kusoma makaratasi yako anataka kuona hadithi moja, isiyogongana: huyu anafanya kazi hii, anapata hivi, ameweka hivi, anakwenda siku hizi, analala hapa, na ana kitu cha kumrudisha nyumbani.

Mimi mara ya kwanza, 2023, zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu, iliangukia wiki mbili kabla sijapeleka makaratasi. Shilingi 240,000 zikaingia kwa mpigo kwenye akaunti ambayo mwaka mzima haikuwa ikivuka 40,000. Nilifurahi, nikaona nishakamilika. Jibu likaja na kisanduku kimetiwa alama, kwamba maelezo ya madhumuni ya safari hayaaminiki. Niliumia sana, nilidhani ni rangi yangu na jina langu. Baadaye nikakaa nikaitazama ile taarifa ya benki kama mtu asiyenijua, na kweli, pesa ile inaonekana kama imeazimwa kwa shangazi ipigwe picha kisha irudishwe. Mara ya pili niliacha pesa ya duka ipite benki miezi sita, nikaambatanisha leseni ya biashara, barua ya chama na nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha zamu za wanachama wote 12, na barua ya ukurasa mmoja nikieleza kila kiasi kikubwa kimetoka wapi. Nikapewa. Ajenti mmoja alikuwa ameniahidi "viza ya uhakika" kwa pesa ambayo ingenilipia hoteli wiki nzima, na hakuna kitu kama hicho, anayetoa viza ni ubalozi peke yake.

Na msinunue tiketi kabla ya viza. Wanachotaka ni bukingi, si risiti. Chukua hoteli ya kughairi bure.

Bahari yao, mvinyo wao

Tulichagua Septemba kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bahari. Mtu wa pwani anafikiri pwani ni pwani, akifika Lisbon mwezi wa nane jua linawaka anaruka majini anatoka anapiga kelele. Maji yetu Mombasa hayashuki sana chini ya nyuzi 25, yale ya Lisbon katikati ya kiangazi ni kama 19. Sababu ni upepo wa kaskazini unaosukuma maji ya juu mbali na ufuo, na maji baridi ya vilindini yanapanda kujaza nafasi, kama ukipuliza chai ya maziwa utando unakwenda ukingoni na chai ya chini inaonekana. Ukitaka maji ya afadhali nenda kusini, Algarve, hasa mwisho wa kiangazi. Na jina hilo sikiliza vizuri, ni al-gharb, magharibi, ile ile magharibi yetu. Waislamu walikaa kule zaidi ya miaka mia tano, ndio maana zeituni wanaiita "azeitona" na wakitamani kitu wanasema "oxalá", ambayo inatokana na inshallah.

Ya pili ni mavuno ya zabibu, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: wewe hunywi, nchi ya mvinyo ulikwenda kufanya nini? Situmii kweli. Lakini nchi ya mvinyo kwanza ni nchi ya wakulima, kama vile Rabai ilivyo nchi ya mnazi hata kwa asiyeonja tembo, ile pombe ya mnazi. Tulipanda treni Porto, stesheni ya São Bento, mwendo wa kama saa mbili na nusu kando ya mto Douro mpaka Pinhão, ambako kuta za stesheni zimepambwa vigae vya buluu vinavyoonyesha wavunaji na vikapu vyao. Nje ya dirisha milima imekatwa ngazi ngazi kwa mkono juu ya mwamba, kila ngazi na safu zake za zabibu, na kina mama wamejifunga vitambaa kichwani wakikata vishada kwa mkasi mdogo. Eneo hilo liliwekewa mipaka ya kilimo cha mvinyo tangu 1756. Tulikula zabibu zenyewe, na lozi, na mafuta ya zeituni kwa mkate wa moto, na hakuna aliyetulazimisha glasi.

Kwa anayetaka kuelewa mvinyo wao maarufu wa Porto, tembo la mnazi litamfundisha. Likigemwa asubuhi ni tamu, jioni limeshakuwa kali, kwa sababu hamira ya asili imekula sukari yote ikageuza kuwa pombe. Wale wa Douro wanaacha maji ya zabibu yachachuke siku mbili tatu, kisha katikati ya safari wanamimina pombe kali ya zabibu, hamira inakufa, sukari iliyobaki inabaki. Ndio maana ni tamu na ndio maana ina nguvu ya karibu asilimia 20, kuzidi mvinyo wa kawaida. Mtu asidanganywe na utamu akadhani ni juisi. Na ule wanaouita "vinho verde", mvinyo wa kijani, hauna ukijani wowote, kijani hapo ni kama tunavyosema dafu na nazi, yaani changa, unanyweka mapema, na mwingi ni mweupe.

Kwa asiyekula haramu, jifunze maneno mawili, "porco" ni nguruwe na "vinho" ushaijua. Supu ya mboga ya "caldo verde" huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe juu, na nyama nyingi hulazwa kwenye mvinyo na kitunguu saumu, kwa hivyo uliza kabla. Sisi tuliishi kwa samaki. Kuna "bacalhau", samaki wa chumvi aliyekaushwa, ng'onda kabisa, analowekwa siku nzima na zaidi ndio apikwe, mke wangu alipoonja alinyamaza kisha akasema huyu angetiwa nazi tu. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko tangu 1985, karibu na Praça de Espanha. Mwezi wa sita magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, katikati ya Septemba ni kama saa mbili kasorobo, panga matembezi yako hivo.

Jambo dogo linalozua ugomvi hotelini: ukiketi tu wanakuletea mkate, zeituni, jibini, hujaagiza. Si zawadi. Ukigusa unalipa, usipotaka sema hapana asante wanaondoa bila chuki. Na Lisbon kuna kodi ya mgeni, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, haiko kwenye bei ya bukingi mara nyingi.

Porto, kwenye duka dogo la vitambaa, nilionyeshwa "lenço" ya Minho, kitambaa cha mraba ambacho zamani binti alimdarizia mchumba wake, ndege, maua, na mstari wa maneno ya mapenzi, tena mingi imeandikwa makosa kwa sababu aliyedarizi aliandika kama anavyotamka. Nilisimama pale muda mrefu. Leso zetu tunasimulia zilianza kwa vitambaa hivyo hivyo vya Wareno, sita vikishonwa pamoja, na maneno ya chini bado tunayo.

Mwalimu nishamwambia achague mwezi kwanza. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala chini ya siku 15, na jibu hutoka ndani ya siku 15 lakini linaweza kuvutwa mpaka 45. Anayetaka mavuno ya Septemba, dirisha lake linafunguka Machi. Yeye anataka Juni, aone wanavyochoma dagaa barabarani usiku wa tarehe 12, kwa hivyo makaratasi yake yaanze kupangwa Desemba, na daftari la chama cha mkewe nishalipiga nakala.